Chemchemi Iliyozibwa

Fundi matofali alikuta kuku wa tatu ameliwa wiki hiyo. Manyoya yalikuwa yametapakaa mpaka mlangoni.

"Paka-mwitu tena!" alifoka. "Safari hii natega sumu."

"Punguza hasira, Baba Pacha," mkewe alimwambia. "Leo kuna mkutano shuleni kuhusu wanyamapori. Twende tukasikilize kwanza."

Darasani, ofisa wa wanyamapori, dada mmoja mchangamfu, alibandika ramani ubaoni.

"Joto linazidi, mvua zinapungua," alisema. "Tumeiuliza kompyuta paka-mwitu wataishi wapi miaka ijayo. Imechagua bonde la tanuri la matofali. Tutalilinda hilo. Kwenye vichaka vya mtoni mnaweza kukata kuni."

"Kompyuta imejuaje?" aliuliza mke wa fundi.

"Umeuliza vizuri, mama. Programu nyingine hutoa jibu tu. Hii hutaja na sababu, nasi tunazikagua. Kivuli kimechangia kidogo. Sababu kubwa ni chemchemi ya bondeni isiyokauka."

Masikio ya fundi yaliwaka moto. Kiangazi kilipoanza aliiziba chemchemi ile kimyakimya, akavuta maji yote kwa bomba hadi kwenye shimo lake la kukandia udongo wa matofali, nyuma ya nyumba. Paka-mwitu walikuwa wamefuata maji hadi huko. Njiani wakawakuta kuku.

Mkewe alimkazia macho. "Sema, au niseme mimi."

Fundi alisimama. "Chemchemi haina maji. Nimeyachukua mimi. Nisameheni." Watu waliguna. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ofisa hakumkaripia. Aliandika kwenye kompyuta yake kwamba maji hayapo, nayo ikahesabu upya. Kwenye ramani ya skrini, rangi ya bonde ikafifia.

"Tungelinda bonde kavu, tukakata vichaka vya mtoni," alisema taratibu. "Paka wangekwisha."

"Nikiyarudisha maji?" fundi aliuliza.

"Watarudi bondeni. Vichaka navyo tutaviacha. Na kuku wako, baba, wajengee banda la wavu, ulifunge kila jioni."

Siku hiyohiyo fundi aling'oa bomba mbele ya majirani. Hakuthubutu kuwatazama usoni. Baadaye alichimba bwawa la kukinga maji ya mvua kwa ajili ya matofali yake.

Kiangazi kilichofuata hakupoteza kuku hata mmoja. Ofisa alimletea picha: paka-mwitu na wanawe wawili wanakunywa maji kwenye chemchemi.

"Niitundike sebuleni?" mkewe aliuliza. "Wageni watauliza habari zake."

Fundi aliinamisha kichwa. "Itundike. Wakiuliza, nitawaeleza mwenyewe nilichofanya."