Utamu wa Saa Kumi

Foleni ya supamaketi ilikuwa imefika hadi kwenye mafriji ya maziwa, na msusi mmoja alikuwa ameirudisha chokoleti kwenye rafu kwa mara nyingine. Akapiga hatua moja mbele. Akarudi akaichukua.

"Dada, ihurumie," sauti ya kiume ilisema nyuma yake. "Hiyo chokoleti itapata kizunguzungu."

Aligeuka akiwa tayari kumpasha mtu. Alikuta jamaa mrefu aliyekunja mikono ya shati, toroli yake imejaa mayai na siagi, na unga umemkaa kwenye nyusi.

"Na wewe umeoga unga?"

"Napika keki. Unga na mimi hatuachani."

Msusi akacheka bila kutaka. Siku hiyo alivaa gauni la kijani lililombana kidogo kiunoni, na kichwa amekisuka mistari myembamba, imenyooka kama imepigiwa rula. Mpika keki aliduwaa mpaka dada wa kaunta akamwita kwa ukali. Walipotoka nje, kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake. Chokoleti ilibaki ndani.

Kuna jambo msusi hakulisema siku hiyo. Mdogo wake wa kiume, ambaye watu wote walimwita Refa kwa sababu alichezesha mechi za mitaani, figo zake zilikuwa zimechoka. Kila baada ya siku chache alilazwa kando ya mashine ya kusafisha damu, akitoka hapo hoi. Vipimo vilionyesha kwamba dada yake angeweza kumpa figo moja. Lakini daktari alitikisa kichwa.

"Uzito wako uko juu, na sukari yako iko mpakani," alimwambia. "Nikikupasua leo nitaokoa mmoja na kuumiza mwingine. Punguza kwanza."

Kusema ni rahisi. Msusi alikuwa akishinda saluni amesimama, hajala kitu tangu asubuhi, akiamini njaa ndiyo itakayompunguza. Ikifika saa kumi jioni mikono inatetemeka, mate yanajaa mdomoni, na kichwa hakiwazi kingine ila biskuti zilizo kwenye droo ya vitana. Akila moja, pakiti nzima inakwisha. Kisha anajichukia mpaka asubuhi, na asubuhi anashinda njaa tena.

Kwa nini hakumwambia mpika keki, ambaye sasa alikuwa mpenzi wake? Kwa sababu alitaka awepo mtu mmoja duniani ambaye akimtazama haoni figo.

Mpika keki naye alipenda kwa mikono. Kila alipokuja kumpitia saluni alibeba kiboksi.

"Onja tu, mpenzi. Hii nimeweka ndimu."

"Unataka ninenepe nishindwe kupita mlangoni?"

"Tutabomoa mlango."

Alionja. Akaonja tena. Aliona haya kukataa kitu kilichopikwa kwa ajili yake, na ukweli ni kwamba hakutaka kukataa. Zilikuwa wiki za raha. Aliporudi kliniki, mzani ulikuwa umepanda.

"Dada, umesajili mchezaji mpya?" Refa alimtania, akiutazama mzani. Lakini walipofika kwenye korido aliketi kwenye benchi. Miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu havifungiki kamba. Msusi aliingia chooni, akafungua bomba ili asisikike, akalia.

Tangu siku hiyo hakupokea simu ya mpika keki.

Yeye alipiga asubuhi, akapiga mchana, akatuma ujumbe wa utani, kisha wa kuomba radhi bila kujua kosa lake. Mwishowe, akiwa anapeleka keki kwa mteja karibu na hospitali, alimwona. Msusi alikuwa akishuka ngazi amemshika kiuno kijana mwembamba aliyemlalia begani, na kijana huyo akimnong'oneza jambo lililomfanya atabasamu. Mpika keki aliiweka keki chini. Alipiga simu palepale, na safari hii ikapokelewa.

"Ungeniambia tu una mtu."

"Mtu gani?"

"Nimekuona kwa macho yangu. Kumbe mimi nilikuwa wa kukulisha keki, mwingine wa kukushika bega."

Msusi alimtazama Refa aliyemlalia begani. Akakata simu.

Keshoye jioni simu ya mpika keki iliita kwa namba ileile, lakini sauti ilikuwa ya kiume, ya kuchoka.

"Shemeji, ni mimi yule wa begani. Usinipige, tayari nimeshapigwa na mengine." Alicheka, akakohoa. "Huyu ni dada yangu. Tumbo moja. Anajaribu kupungua anipe figo, na wewe unamletea keki. Nakupa kadi ya njano."

Mpika keki aliketi juu ya gunia la unga. Asubuhi yake alifika saluni akiwa ameoga na kubadilisha nguo, ili asije na harufu ya vanila. Hakubeba kitu.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningekwambia nini? Kwamba siwezi kuushinda mdomo wangu hata kwa ajili ya mdogo wangu?"

"Basi tuushinde pamoja."

Walianza upya. Mtaalamu wa lishe wa hospitali ndiye aliyempa msusi jambo ambalo hakulitegemea: ale, asishinde njaa. Mayai na maharage asubuhi, njugu kidogo na tunda mchana, na droo ya vitana iwe ya vitana. Sukari ya chai alipunguza kidogo kidogo mpaka ulimi ukazoea. Na saa kumi jioni, hamu ilipokuja, simu iliita.

"Imekuja?"

"Imekuja. Leo inataka donati."

"Mimi ninayezipika nakwambia zimelala. Kunywa maji, toka nje, zunguka mtaa. Sikati simu."

Alizunguka huku akimsikia anavyogonga trei na kugombana na oveni, na hamu iliyokuwa imemkaba ikamwachia polepole. Siku nyingine haikuachia, akala, akampigia akilia. "Umekula moja," mpika keki alimwambia. "Moja si pakiti. Kesho ipo." Zamani angeimaliza pakiti. Sasa aliifunga akampa jirani.

Gauni la kijani lilianza kumpwaya. Sukari ikashuka. Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza, akapanga wiki ya upasuaji, na Refa akapuliza filimbi humohumo wodini mpaka nesi akamfukuza.

Kabla ya wiki hiyo kufika, Refa alipata homa. Wadudu waliingia kwenye damu kupitia mrija wa mashine. Asubuhi alikuwa akimuuliza nesi matokeo ya mechi. Mchana hakuwa anamtambua dada yake. Jua lilikuwa bado halijazama walipomfunika shuka.

Baada ya maziko msusi alimfuata daktari.

"Zile wiki ambazo uzito ulipanda. Kama nisingezipoteza, angekuwa hai?"

Daktari alivua miwani. "Sijui," alisema. "Nikikwambia ndiyo nitakuwa nimedanganya. Na nikikwambia hapana, pia."

Mpika keki alikuwa akimsubiri uani kwa mama yake msusi, kati ya viti vya msiba. Msusi hakumtazama usoni.

"Nenda," alisema. "Sikulaumu. Lakini nikikuona naona viboksi."

"Mimi pia naviona," alijibu. Akaenda.

Miezi ilipita. Mteja akisema "umependeza, umepunguaje?" msusi aliinamisha kichwa juu ya nywele za watu. Alikuwa amekonda sasa bila kujaribu. Saa kumi haikumletea hamu ya kitu chochote.

Asubuhi moja mlango wa nyuma wa jiko la keki uligongwa. Mpika keki alifungua akamkuta msusi amesimama, kajifunga khanga nyeusi, macho yamevimba.

"Nimeshindwa kumlilia peke yangu," alisema. "Mama hataki tumtaje. Saluni wanataka nicheke. Wewe ulimjua."

Alimpisha. Waliketi kwenye benchi karibu na dirisha, na mpika keki alimsimulia jinsi Refa alivyokuwa akimpigia simu kwa siri kumuuliza, "Shemeji, utamwoa lini huyu mwanamke? Mimi nataka kuchezesha hiyo harusi." Msusi alicheka, na kicheko kikapasuka katikati kikawa kilio, na mpika keki pia akalia.

"Nilipanga nikupose mkitoka nyote wawili wodini," alisema baadaye.

"Usinipose leo."

"Sitakuposa leo."

"Sijui kama nitawahi kukutazama bila kuumia."

"Najua."

Nje wateja walikuwa wameanza kugonga dirisha la mbele. Mpika keki alitaka kuinuka, mazoea tu, na msusi akamshika mkono.

"Waache kwanza," alisema. "Kaa."

Akakaa.