Picha Thelathini na Sita Nilizopigwa Pamoja na Mama

"Kamera haikuwa na filamu," kaka aliniambia, macho makavu kabisa.

Jamani... nilikaa chini sakafuni. Tulikuwa tumemzika mama siku nne tu zilizopita!

Ngoja niwaeleze, najua mtanisema. Nisemeni tu.

Mama aliugua miaka miwili. Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Mimi? Nilikuwa bize. Kila nikipigiwa simu nina safari, nina mafua, nina mgeni. Ila huku mtandaoni mlinimwagia sifa eti namtunza mama, nami naitikia "amina" bila haya!

Wiki yake ya mwisho ndipo nikatokea, gauni jipya, uso umepakwa ukapakika. Nilitaka picha naye ya kuwaonyesha nyinyi. Nikatoa simu.

Mama akakataa. Akasema atapigwa picha kwa kamera ya marehemu baba tu, ile ya chuma, ya filamu, isiyojua betri. Kaka, aliyerithi studio, akaileta.

Klap! Kaka anavuta wenzo, kile kijiti cha kusogeza filamu. Klap! Mara thelathini na sita. Mama akanishika mkono, akatabasamu katika zote.

Sasa oneni ujinga wangu. Nimekulia studio ile! Baba alitufundisha kwamba kamera hii hulia vilevile hata ikiwa tupu, kwa hiyo tazama kile kigurudumu kidogo cha juu kushoto. Ukivuta wenzo kisizunguke, ndani hakuna filamu. Mimi macho yote kwenye lenzi, nalegeza shingo...

Basi nilimtukana kaka matusi yote ninayoyajua. Nikasema mkewe ndiye kamjaza maneno. Akasubiri nimalize.

"Mama ndiye aliyenituma," akasema. "Alisema hukuja kumwona, umekuja kuchukua ushahidi. Nikupige picha ufurahi, ila nisiweke filamu."

Mama yangu mzazi! Alinishika mkono huku anajua!

Wifi aliniwekea albamu mapajani. Mama na wifi wanacheka, mama anasukwa nywele, mama anakunywa uji. Kamera ileile. Kumbe filamu zilikuwepo tele. Mimi simo hata kwenye moja.

Ndugu zangu, mzazi akiugua nenda mapema, hata mikono mitupu. Mama alikuwa na wiki nzima ya kunisamehe, na hakunisamehe.

Na mnaouliza kwenye komenti mbona siposti picha yangu ya mwisho na marehemu, jibu mmelipata.