Mkaratusi Kando ya Chumba cha Bibi

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Redio alifagia ua. Ilikuwa kazi isiyo na mwisho. Mkaratusi uliosimama kando ya chumba cha bibi ulikuwa mrefu kuliko nyumba zote za mtaa, na ulipukutisha majani mchana na usiku. Alipomaliza upande mmoja na kugeuka, pale alipotoka palikuwa pameshachafuka tena. Shuleni alikuwa na jina jingine kabisa, lakini nyumbani waliomwita Redio walikuwa na sababu zao: tangu ajue kusema, msichana huyo hakuwahi kuzimika.

Jumamosi hiyo upepo ulianza mapema. Redio alikuwa akizoa majani baba yake alipomwita kwa sauti ya chini kutoka chumba cha cherehani. Baba alikuwa fundi nguo. Utepe wa kupimia ulining'inia shingoni mwake kama kawaida, lakini cherehani ilikuwa bado imefunikwa. Kwenye benchi la wateja aliketi mjomba, kaka yake mama, na miguuni pake palikuwa na msumeno wa injini wa kuazima.

"Funga mlango," baba alisema. "Halafu zima redio kidogo unisikilize. Ule mti tunaukata leo."

Redio aligeukia dirisha kuutazama mti.

"Una ufa," baba aliendelea. "Umeanzia chini, kwa nyuma, pale nilipoegemeza bati. Juzi upepo ulipovuma niliona udongo unainuka na kushuka, kama kifua cha mtu anayepumua. Mti ule ukianguka, unaangukia kitanda cha bibi yako."

"Bibi anajua?"

Baba alimtazama mjomba. "Mwaka jana nilimgusia habari ya kupunguza matawi tu. Akaniambia nitaukata mti ule nikishamzika yeye. Siku nyingi tu hakunisemesha. Sasa sina muda wa kubembelezana. Mpeleke kwa shangazi yako. Mwambie shangazi anaumwa na anamhitaji. Mkae huko mpaka jioni. Akirudi atanuna, kisha atazoea."

"Lakini baba, shangazi haumwi."

"Najua haumwi."

"Kwa hiyo nimdanganye bibi?"

Mjomba alikohoa na kutazama dari.

"Unamwokoa," baba alisema. "Hayo ni mambo mawili tofauti."

Redio alitamani mama yake awepo. Lakini mama, aliyekuwa mhudumu hospitalini, alikuwa zamu.

Bibi alikuwa akisuka mkeka barazani, vidole vikienda vyenyewe bila yeye kuvitazama. Redio alipomwambia, vidole vilisimama. Hakuuliza hata swali moja. Aliingia ndani, akatoka na mtandio wake, akaushika mkono wa mjukuu wake, wakaondoka.

Njia nzima bibi alitembea kwa haraka kuliko Redio alivyowahi kumwona akitembea. Alimkamata begani, vidole vikimfinya. "Shangazi yako hajawahi kuniita bure," alisema. "Hata alipojifungua hakuniita mpaka mtoto alipofika. Ameshikwa na nini? Walisema ni homa?"

"Sijui, bibi."

"Ee Mungu, mwanangu. Mwanangu mimi."

Redio alikaza mwendo, macho yake chini. Walipofika kwenye mtaro unaokata barabara, aliuruka kama kawaida. Bibi hakuruka. Aliupitisha mguu palepale penye shimo kana kwamba hapakuwa na shimo, akaanguka kwa magoti. Goti moja lilichubuka na kutoa damu.

"Bibi! Hukuuona mtaro?"

"Ni haraka tu. Ninyanyue, twende. Mgonjwa anasubiri."

Hapo ndipo Redio aliposhindwa. "Hakuna mgonjwa," alisema, na machozi yakamtoka. "Shangazi haumwi, bibi. Baba ameniambia nikutoe nyumbani. Wanakata mti."

Bibi aligeuza kichwa upande wa nyumbani. Kutoka mitaa ya nyuma, waliisikia injini ya msumeno ikinguruma, ikapanda sauti, ikapanda zaidi, kisha ikakata ghafla.

"Nirudishe," bibi alisema.

Walipofika, majirani walikuwa wamejazana upande wa pili wa barabara. Ndani ya ua, mjomba alikuwa ameushika msumeno kwa mikono miwili na kuuvuta, lakini haukutoka. Mti ulikuwa umekatwa karibu nusu, kisha ukaukalia msumeno. Badala ya kulala upande wa barabara kama walivyokusudia, ulikuwa umeinama kidogo upande wa nyumba. Kila upepo ulipovuma, kitu fulani ndani ya shina kililia, *kwaaa*, kama mlango mzito wenye bawaba kavu.

"Rudini!" baba alipiga kelele. "Redio, usimlete huku!"

Lakini bibi alikuwa ameshauachia mkono wa Redio. Alipita getini, akaenda moja kwa moja, akapita hatua chache tu kutoka kwenye shina, akaingia chumbani mwake na kufunga mlango kwa komeo.

"Haya!" sauti yake ilitoka dirishani. "Mimi nimo humu. Endeleeni kukata!"

Mjomba aliuacha msumeno mahali ulipobanwa, akarudi nyuma mpaka getini, jasho likimtiririka. "Shemeji," alimwambia baba, "mtu yeyote asikae chini ya mti huu. Hata wewe."

"Aliye ndani ni mama yangu," baba alijibu. Alitoa simu, akamwita mkata miti wa mjini, yule mwenye kamba na vijana wa kazi, ambaye tangu mwanzo angepaswa kuitwa. Mkata miti alimwambia kitu kimoja tu: asiuguse msumeno, na awatoe watu wote. Baba akaenda mpaka mlangoni kwa bibi, chini kabisa ya matawi.

"Mama, fungua. Mti unaanguka."

"Uliniambia binti yangu anaumwa."

"Mama, hilo liweke kando kwanza."

"Nitaliwekaje kando? Nimekimbia barabarani nikimlilia mtoto mzima. Umenidanganya asubuhi kwa habari ya binti yangu, sasa unataka nikuamini kwa habari ya mti? Utasema lolote ili nitoke."

"Una ufa, mama! Nimeuona kwa macho yangu!"

"Umeuona lini?"

Baba alisita. "Wiki iliyopita."

"Na hukuniambia."

Baba alipiga mlango kwa kiganja, mara ya kwanza kwa nguvu, mara ya pili polepole. Upepo ulivuma tena. Mti ulilia, na vumbi la mbao likamwagika kutoka pale ulipokatwa. Barabarani mwanamke mmoja alipiga yowe.

"Mjukuu wangu yuko wapi?" bibi aliuliza kutoka ndani. "Yule ameniambia kweli. Nataka kumsikia yeye."

Mjomba alimshika Redio begani asisogee. Kwa hiyo alisimama palepale getini na kuitupa sauti yake kwa nguvu zake zote.

"Nipo hapa, bibi!"

"Niambie unachokiona. Usiongeze, usipunguze."

Redio alifuta macho. Alitamani kusema neno moja tu la kumtoa bibi mbio. Lakini aliombwa anachokiona, basi akatazama vizuri.

"Mti umekatwa karibu nusu," alisema. "Msumeno umenasa ndani. Kwa nyuma kuna ufa, mkono wangu unaweza kuingia. Umepanda mpaka kwenye tawi la kwanza. Umeinama upande wako. Na udongo, bibi... udongo wa ukutani kwako umeinuka. Mizizi mingine iko nje. Baba amesimama chini yake."

Bibi akasema, kwa sauti ambayo Redio hakuwahi kuisikia, sauti ndogo: "Mimi nauona umesimama vilevile."

"Mama?" baba alisema.

"Nauona weusi wake. Ndio ninaouona. Nikitoka hapa mlangoni naufuata ule weusi mpaka naugusa, kisha nageuka kulia naenda bafuni. Mkiuondoa, mimi nitatembeaje? Mtanishika mkono hata bafuni kama mtoto mchanga?"

Baba aliweka paji la uso wake kwenye mlango. "Nilidhani ni kwa sababu ya marehemu baba. Kwamba ndiye aliyeupanda."

"Marehemu hakuupenda hata kidogo. Kila siku alikuwa akilalamika majani yanaziba mifereji."

Mtu mmoja barabarani alicheka, akajizuia.

"Tangu lini macho, mama?"

"Ni muda. Sikutaka kuwahangaisha."

"Mke wangu anafanya kazi hospitali!"

"Ndiyo maana sikusema."

"Mama," baba alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imevunjika kabisa, "nisamehe. Nilikuogopa. Nilikuogopa wewe kuliko huu mti. Kila upepo unapovuma silali. Tafadhali fungua. Ukikataa, nami nakaa hapahapa."

Komeo likalia. Mlango ulipofunguliwa, baba hakusubiri neno jingine. Alimgeuzia mgongo, akainama, bibi akamkumbatia shingoni, na baba akakimbia naye kuelekea getini, utepe wa kupimia ukipepea nyuma yao. Walikuwa wamefika barabarani upepo ulipokuja kwa nguvu. Tawi kubwa la upande wa nyumba lilikatika kwa mlio kama wa bunduki. Lilipiga kona ya paa, likakunja bati kama karatasi, na ncha yake ikaingia chumbani.

Bibi, aliyekuwa bado mgongoni kwa mwanawe, aliuliza, "Limeangukia wapi?"

"Chumbani mwako, mama," baba alijibu. Safari hii hakusita.

Mkata miti alipofika, aliuzunguka mti kwa mbali, akatikisa kichwa, wala hakumgombeza mtu. Vijana wake waliufunga kwa kamba nene na kuuvuta upande wa barabara ili usizidi kuinama. Kisha akapandishwa juu ya gari lenye ngazi ndefu, akaanza kuushusha kipande kwa kipande, kutoka kileleni. Kila kipande kiliteremshwa kwa kamba. Ilichukua mchana wote, na mchana wote watu walishika roho mkononi. Alipofika chini alimwuliza baba kama aling'oe na shina. Baba alifungua kinywa kujibu, kisha akageuka. "Mama, wewe unasemaje?"

Bibi alitaka libaki kimo cha kiuno chake. Wakafunga kamba ya kushikilia, kutoka mlangoni mpaka kwenye kisiki, na kutoka kwenye kisiki mpaka bafuni.

Mama alirudi kutoka kazini akakuta anga mahali pa mti, na shimo mahali pa paa. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, mkoba ungali mkononi. Aliwatazama mume wake na kaka yake kwa namna iliyowafanya wote wawili waangalie viatu vyao. Kisha akamkalisha bibi kwenye mwanga na kumchunguza macho. Jumatatu wakaenda hospitali. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibika kwa upasuaji, na akamwuliza bibi kwa nini alichelewa. Bibi akamwuliza upasuaji ni lini.

Jicho la kwanza lilipofunguliwa bandeji, bibi alikaa barazani siku nzima akitazama kila kitu. Alisema mkeka wake una mistari iliyopinda na akashangaa mbona hakuna aliyemwambia. Jioni alimwita Redio akae karibu naye, baba akiwa anapiga pasi mlangoni.

"Umekuwa kimya tangu siku ile," bibi alisema. "Unadhani nimekukasirikia?"

"Nilikudanganya, bibi."

"Ulinidanganya, ukashindwa kuendelea. Na uliponiambia ukweli, ndio ulionitoa chumbani. Sikiliza. Baba yako alinificha ufa ili nisiumie. Mimi nilimficha macho yangu ili asihangaike. Kila mmoja alikuwa akimpenda mwenzake, na nusura tuzikane. Jambo likiwa zito, liseme mapema, hata kama atakayelisikia atanuna. Aliyenuna atacheka tena. Na siku utakapotaka watu wakuamini haraka, wawe wana sababu ya kukuamini."

Baba aliiweka pasi pembeni. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya mama yake, akapangusa viganja kwenye magoti.

"Mama," alisema, "kuna jambo jingine sijakwambia. Mizizi ile imeharibu msingi. Ukuta wa chumba chako nao una ufa."

Bibi alijifunga vizuri mtandio wake, akasimama.

"Twende," alisema. "Nikautazame mwenyewe."