Jeli Usoni kwa Bibi

Shoga yangu husafisha picha za zamani zilizochorwa kwa rangi. Mchana mmoja aliletewa picha ya bibi yake mteja, aliyechorwa kafumba mdomo. Akambandika jeli usoni ili inyonye masizi. Jeli hiyo huachwa dakika chache tu, ikizidi hula rangi. Yeye akanogewa na umbea kwenye simu, akaisahau.

Umeme ukakatika. Chumba hakina dirisha, giza totoro. Akasikia mtu anahema kwa shida, kama kazibwa pua.

“Nani?”

Kuhema tena, pale mezani ilipolazwa picha. Akapapasa, akaibandua jeli. Pumzi ndefu ikashuka.

Taa zikarudi. Midomo ya bibi ilikuwa imefutika.

“Dada, nisamehe, nilizembea,” alimwambia mteja, macho chini. Jeli hakumwonyesha. Hata mimi alinionyesha kwa aibu: upande uliogusa mdomo una alama za meno.