Jicho la Mwanamke wa Hamamuni

"Dinari mia mbili! Kwa kijiwe kama punje ya dengu!" Lamjed alitema mate kando ya meza yake ya sarafu. "Umemuuzia nini yule bibi mtalii, Mondher?"

"Kitu cha kweli," Mondher alimjibu. "Si kama sarafu zako za Kirumi ulizozifukia kwenye mavi ya punda mwezi jana zionekane za kale. Kaniuliza kama ni halisi, nikamwambia halisi. Mimi si tapeli."

Chini ya magofu ya Karthage, meli ya watalii ilikuwa imeshang'oa nanga, nyeupe kama friji, ikielekea Palermo na yule bibi ndani yake.

Lamjed alishusha sauti. "Umekitoa wapi?"

"Hamamu ya Warumi, lile bafu lao la kale. Kuna uso wa mwanamke sakafuni, uliopangwa kwa vijiwe. Nimebandua kimoja tu."

"Sehemu gani ya uso?"

Mondher alijikuna shingo. "Jicho. La kushoto."

"Ewe mjinga! Unadhani baba zetu walibuni vitu bandia kwa ajili ya wizi tu? Vya kweli vina wenyewe, ndugu yangu! Kakirudishe."

"Niifuate meli kwa kuogelea?" Akacheka. Lamjed hakucheka.

Nyumbani Mondher alimkuta mkewe, Hedia, kasimama kwenye ujia, ndoo tupu mkononi.

"Baba Yosra, maji yamekatwa tangu juzi, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi nani anaoga?"

Mvuke ulikuwa ukitoka chini ya mlango wa bafu, mchana kweupe, ukinuka moshi wa kuni za mzeituni na mafuta yaliyooza. Mondher alisukuma mlango. Ndani hapakuwa na mtu, na bomba lilikuwa kavu. Lakini sakafuni kulikuwa na nyayo zilizolowa, nyembamba, za mwanamke, zilizotoka bafuni zikapita katikati yao wawili bila wao kuhisi kitu, zikafuata ujia, zikakwepa mkeka kama za mgeni mwenye adabu, zikaingia chumbani kwa Yosra, binti yao wa miaka sita, na hazikutoka.

"Bismillahi," Hedia alinong'ona. "Mondher, umeleta nini humu?"

Yosra alikuwa ameketi kitandani, kiganja juu ya jicho la kushoto.

"Baba, yule mama kanigusa hapa. Mkono wake wa moto."

Alipokitoa kiganja, Hedia alipiga yowe. Mboni ilikuwa imefifia, imekuwa ya kijivu, na pembeni yake ilianza kuwa ngumu, yenye kona, kama jiwe.

Mondher alizichomoa zile dinari mia mbili, akaziweka chini penye unyayo wa mwisho. "Hizi hapa, zote. Sijatumia hata moja. Mwachie mtoto, kwa jina la Mungu, nami nitaongeza chochote utakachotaka."

Noti zilisukumwa polepole hadi kwenye vidole vya miguu yake, zimelowa, zina moto.

"Mimi sikuuza," sauti ilisema kutoka nyuma ya mtoto, bila hasira. "Nataka jicho langu."