Kimya Katikati ya Mkoromo

Kila asubuhi Idil aliwachekesha majirani wa mtaa wa Munyaka pale bombani. Huku mtungi ukijaa, aliiga jinsi babake alivyokoroma: ngurumo ndefu, kisha kimya, kisha mkoromo kama trekta inayokataa kuwaka. Watu walishika mbavu kwa kicheko.

Jumamosi moja alirudi na maji akamkuta babake, Abdirizak, amesinzia na kikombe mkononi, chai ikimwagikia magotini.

"Aabo!" alimwita baba kwa Kisomali.

Abdirizak alishtuka. "Sijalala. Nilikuwa nafikiria tu."

Huyo ndiye dereva wa lori la kubeba mahindi kutoka Moiben! Juzi tu lori lilikuwa limeacha barabara likaingia shambani, naye akasingizia utelezi. Zeinab, mkewe, hakudanganyika. Alikuwa amesikia kwamba hospitali moja mjini ilikuwa ikiwapiga picha watu wanaokoroma ili kuchunguza njia zao za hewa.

"Leo utaenda," alisema. "Mimi sina wa kumwachia duka. Idil atakupeleka."

Daktari Wanja aliwapokea vizuri. "Mzee, unakoroma sana?"

"Kidogo tu, kama mtu yeyote. Ni mama watoto anapenda kulalamika."

"Na mchana unasinzia?"

"Hapana, Daktari."

Idil alitazama sakafu. Kwao, mtoto hamwaniki babake mbele ya wageni. Bombani ulikuwa mzaha, lakini hapa ilikuwa kumpinga mzazi waziwazi. Hata hivyo alilikumbuka lile lori katikati ya mahindi, akaogopa kumpoteza.

"Nisamehe, Aabo," alisema, kisha akaiga mkoromo wote.

Daktari alicheka mpaka Idil alipofika kwenye kimya. Hapo kicheko kikamkauka.

"Kweli hunyamaza hivyo?"

"Ndio. Hapo ndipo watu hucheka sana."

"Hapo huwa hapumui, Idil."

Abdirizak aliinamisha kichwa. "Hata nikiendesha huwa nasinzia, Daktari. Niliogopa nitaambiwa niache kazi."

Alilazwa ndani ya mashine ya picha, akapigwa picha akiwa macho, kisha akiwa usingizini. Baadaye daktari aliwaonyesha kwenye kompyuta. Akiwa macho, njia ya hewa nyuma ya ulimi ilikuwa wazi. Akilala, ulimi ulirudi nyuma ukaiziba.

"Kumbe nanyongwa na ulimi wangu mwenyewe!" alisema, akijishika koo.

Daktari alimsimamisha kuendesha, akampa barakoa ya kulalia inayosukuma hewa. Ilikuwa miezi migumu, duka likiwalisha wote. Lakini usingizi wa mchana ulimwisha, na akapimwa tena akaruhusiwa kurudi kazini.

Siku hiyo ya ruhusa, wakitoka hospitalini, Idil aliuliza kwa woga, "Aabo, bado umenikasirikia?"

"Nikukasirikie? Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, wewe ukasema. Kumheshimu mzazi si kumfunikia ugonjwa, mwanangu. Ungenyamaza siku ile, leo ungeita 'Aabo' na hakuna ambaye angeitika."