Nihamishie Mimi

Wazo la meditesheni lilikuwa langu mimi, kwa hiyo kama kuna mtu wa kulaumiwa msihangaike kumtafuta. Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya kawaida tu. Nilikuwa uani nimefungua friji la mtu, mikono imejaa grisi, redio inaimba upande huu, kompresa inanguruma upande ule. Dada yangu akarudi kutoka kazini amevimba kwa hasira, hata salamu hakutoa. Alitupa mkoba kwenye kochi, akamfokea mwanawe kwa kosa la kumuuliza amemletea nini, kisha akajifungia bafuni akalia. Nilimsikia kwa sababu ukuta wa bafuni unapakana na uani.

Dada kazi yake ni kupokea simu za malalamiko katika kampuni ya maji. Kutwa nzima hedifoni iko masikioni, anatukanwa. Bomba limepasuka, anatukanwa yeye. Maji yametoka na rangi ya chai, yeye. Na sheria yao ni moja: mteja akishaingia kwenye laini, wewe huruhusiwi kukata. Akutukane mpaka achoke, wewe unamwambia, "Pole kwa kusubiri, nakusikiliza, tatizo lako sasa ni letu." Akikushinda kabisa, unamhamishia mwenzako wa meza ya pili. Lakini kumkatia, thubutu! Unaitwa ofisini siku hiyo hiyo. Dada amefanya kazi hiyo miaka kumi na moja.

Mwezi huo daktari alimpima presha mara tatu, na mara zote tatu akatikisa kichwa. Akamwambia vidonge peke yake havitoshi, atulize akili, la sivyo ataanguka siku moja asiinuke. Sasa mtoto ana miaka sita. Baba yake alishakwenda zake zamani, wala hatumtaji. Duniani mtoto huyu ana watu wawili: mama yake, na mimi mjomba wake, fundi friji nisiyejua hata kumsuka nywele. Tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. Dada akianguka, yule mtoto ndiyo basi tena.

Basi nikamwekea dada programu kwenye simu. Mwanamke mmoja mwenye sauti laini anakuelekeza cha kufanya.

"Unakaa chini, unafumba macho, unasikiliza pumzi yako," nikamwambia. "Dakika ishirini tu."

"Na chakula anapika nani, pumzi?"

"Nitapika mimi."

"Basi presha itapanda mpaka darini."

Lakini alikubali, maskini, kwa sababu alikuwa anaogopa. Jumatano alikaa kwenye zulia la chumbani kwake saa kumi jioni. Chiriku akafungua mlango mara nne kuuliza kama mama amekufa. Alhamisi jirani akapigilia misumari mwanzo mwisho. Ijumaa miguu ikafa ganzi, alipotaka kusimama akaanguka kama gunia la viazi, na lawama zote zikanijia mimi.

"Huyu mwanamke wako ananiambia niondoe kila wazo," alifoka. "Nayaondoa! Yanarudi na wenzake!"

Nikaudhika, nakwambia ukweli. Mtu unamtafutia uzima wake, anakusimanga. Nikamwambia tatizo lake hajui kunyamaza. Akaniambia ukoo mzima hakuna mtu asiyejua kunyamaza kama mimi, na kwamba sikio la kufa halisikii dawa. 

Jumamosi nikaamua nimpe nafasi kamili. Nilizima kompresa, nikazima redio, nikamchukua Chiriku tukaenda dukani. Dada alisema sauti ya yule mwanamke inamkera, atakaa mwenyewe bila simu. Tulikaa nje kama nusu saa. Tuliporudi, nikiwa bado koridoni, nikamsikia dada anaongea chumbani. Alikuwa anatumia sauti yake ya kazini, ile ya upole wa mshahara.

"Ndiyo, nakusikiliza. Pole kwa kusubiri. Tatizo lako sasa ni letu."

Nikatabasamu kwa uchungu. Hata Jumamosi hawamwachi! Kisha nikageuka kumtazama Chiriku. Simu ya dada ilikuwa mikononi mwake, anacheza mchezo wa kupanga matunda. Alikuwa ameishika tangu tulipotoka.

Dada alikuwa amekaa katikati ya zulia, mgongo umenyooka, macho wazi. Nilimuuliza anaongea na nani. 

"Nilifanikiwa," akasema. "Kichwa kilinyamaza kabisa. Unajua vile friji likizimika ndiyo unagundua kumbe lilikuwa linanguruma siku zote? Hivyo hivyo. Halafu nikasikia mtu anapumua."

"Si wewe mwenyewe?"

"Mimi nikitoa, yeye anaingiza. Kazini wapo wateja wa hivyo, anaingia kwenye laini hasemi kitu, anapumua tu. Mdomo ukajibu wenyewe. Mazoea."

"Naye akasema nini?"

Dada akashusha sauti. "Akasema amesubiri sana."

Nikacheka. Nilicheka sana siku ile, na Chiriku akacheka kwa kuniona mimi nacheka.

Jumatatu sikucheka. Dada alikuwa hawezi tena kukaa mahali pakimya. Akisimama jikoni kusubiri maji yachemke, anakisikia kile kitu. Akiweka kichwa kwenye mto, anakisikia. Hakikuwa kinaomba kitu. Kilikuwa kinauliza swali moja tu, kama mteja aliyechoka: unanisikiliza? Asipojibu, kinarudia. Akijibu, kinanyamaza kidogo, halafu kinaanza upya. Kazini alikijibu huku mteja wa kweli yuko hewani, bosi wake akamwandikia barua ya onyo. Yeye alikuwa anatafuta utulivu, na hata ule kidogo aliokuwa nao ukapotea.

Nilikwenda kulitazama lile zulia. Ni zulia la manyoya marefu, ukikaa linaacha alama. Palikuwa na alama ya alipokaa dada. Mbele yake, karibu kabisa, palikuwa na vishimo viwili vya magoti. Nilivifuta kwa kiganja, nikavipiga brashi, mwisho nikalikung'uta zulia lote uani. Nililirudisha chumbani, na vishimo vilikuwa palepale.

"Kata simu basi!" nilimfokea dada.

"Mimi siwezi kukata. Lazima akate mteja."

"Hiyo ni sheria ya kampuni ya maji, siyo ya majini!"

Hakucheka. "Nimejaribu, mdogo wangu. Nilimwambia asante kwa kupiga, uwe na siku njema. Akasogea." Aligusa shingo yake chini ya sikio. "Sasa anapumulia hapa."

Jumapili mchana dada alianguka jikoni. Nilimkuta Chiriku amepiga magoti kando yake, anamtikisa bega, anamwambia mama amka nitakuwa mtoto mzuri. Sitaki kuisimulia zaidi ile picha. Tulimpepea, akarudi. Mashine ndogo ya kupimia presha ilitoa namba ambayo sikuwahi kuiona. Kesho yake alikuwa na miadi na daktari, na daktari alishasema namba ikipanda tena anamlaza.

Hapo ndipo nilipofanya niliyoyafanya. Nilikuwa nimejaa hasira. Nilimkasirikia daktari, nikaikasirikia kampuni ya maji, nikamkasirikia na yule mwanamke wa sauti laini kwenye simu. Nikamshika dada mkono.

"Mteja akikushinda si unamhamishia mwenzako? Nihamishie mimi."

"Usiseme hivyo."

"Nihamishie! Mimi sina presha, nina mdomo. Nitamtukana mpaka ajute."

"Wewe?" alininong'oneza, na hata katika hali ile alipata nguvu ya kunidharau. "Wewe humsikilizi hata mtu aliye hai."

Lakini macho yake yalikwenda mlangoni, alipokuwa amesimama Chiriku na kidole mdomoni. Akamwambia mtoto akacheze. Mlango tukaufunga.

Tulikaa zuliani. Mimi nilikaa mbele yake, juu ya vile vishimo. Vilikuwa vya baridi. Akafumba macho. Nikasubiri. Nje hapakuwa na jirani wa misumari. Hapakuwa na kitu.

"Nakusikiliza," alisema dada. Kisha akasema, taratibu, kwa upole ule wa kazini: "Nakuhamishia kwa mwenzangu. Tafadhali usikate."

Akatoa pumzi. Nikaisikia.

Halafu mtu akaingiza.

Hakuwa dada. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Sikuwa mimi, maana mimi nilikuwa nimesahau kupumua.  Nikaruka, nikafungua mlango, nikaenda uani, nikawasha kompresa, nikawasha redio mpaka mwisho. Huko ndiko nilikokuwa nimepanga kumtukana. Hata neno moja halikunitoka.

Dada alilala mpaka magharibi, usingizi wa mtoto mchanga. Jumatatu daktari alimpima, akaigonga mashine kwa kidole, akampima tena mkono wa pili. Presha ilikuwa imeshuka. Dada alirudi nyumbani na tikiti maji kubwa, akamsuka Chiriku nywele akiimba. Kwa muda wa wiki tatu nyumba yetu ilikuwa nyumba. Nami, niseme ukweli, nilijiona mjanja. Nilikuwa sisikii kitu! Asubuhi redio, mchana kompresa, usiku nalala televisheni inaongea. Nikamwambia dada yule mgeni wake alinisikia mara moja akatoka mbio. Dada akasema hilo linawezekana kabisa.

Chiriku naye alikuwa ametulia. Tulisema anakua. Mwalimu wake alituandikia kwenye daftari kwamba siku hizi mtoto anajua kusikiliza, tukampongeza, tukamnunulia viatu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani anakumbuka wahenga wakati nyumba ina raha?

Alhamisi moja alikuja uani kutoka shule. Zamani alikuwa akija anapayuka tangu getini. Siku ile alisimama pembeni yangu, mikono nyuma, akangoja mpaka nilipozima kompresa. Akanionyesha na redio. Nikaizima pia.

"Mjomba," akasema, "yule mtu wako anasema wewe husikilizi."

"Mtu gani?"

"Aliyehamishiwa kwako. Anakuita kila siku, wewe unawasha redio." Aliongea taratibu, kama mtu mzima anayepeleka ujumbe. "Alikuwa amekaa kwenye zulia la mama analia. Nikamwambia asilie, aje kwangu. Mimi nitamsikiliza."

Bisibisi ilinidondoka. Nilipiga magoti, nikamshika mabega. Nikajikuta nanong'ona, mimi ambaye sijawahi kunong'ona.

"Anakwambia nini, Chiriku?"

"Siruhusiwi kusema, mjomba. Bado hajamaliza."

Sasa nifanye nini? Nimwambie dada? Siku nitakayomwambia ndiyo siku presha itakayomuua, na mtoto atabaki na mimi na huyo mwingine. Kwa hiyo nimenyamaza. Redio nimeiuza. Mafriji ya watu yamejaa uani, wenyewe wananitukana kwenye simu, na siku hizi naelewa vizuri kazi ya dada. Kila siku saa tisa alasiri, kabla dada hajarudi, nakaa kwenye lile zulia. Nakunja miguu. Nafumba macho, naondoa wazo moja baada ya jingine, yanarudi na wenzake, nayaondoa tena. Nasema, "Nipo. Nakusikiliza. Rudi kwangu, tafadhali." Nimeomba. Nimelia. Nimetukana pia, kwa sababu ndivyo nilivyo. Nasikia tumbo langu linanguruma, basi. Na kutoka chumba cha pili, kwa upole wa mtu aliyefundishwa kazi, namsikia mtoto wa miaka sita akisema, "Endelea."

Wiki iliyopita niliona amekiweka kile kiti chake kidogo cha mbao kando ya kitanda, kimeelekea mto. Sikumuuliza. Nilikibeba nikakitupa nje, chini ya dirisha lake, nikalifunga dirisha kwa komeo. Alinitazama tu, hakulia. Usiku huo mvua ikaanza, na haikukatika kwa siku tatu.

Leo asubuhi nimekwenda kukitazama. Miguu ya kiti imevimba kwa maji, mgongo wake umeota ukungu. Pale pa kukalia ni pakavu, pana joto kidogo, kama mtu ameinuka sasa hivi. Chiriku alikuwa ameshausogeza mto wake mpaka dirishani, na dirisha amelifungua.